Barua ya wazi kwa viongozi wetu wa Lamu: gharama yetu huanzia gatini

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia afya, ustawi wa jamii, uchukuzi na fedha katika kaunti yetu, na kwa Waheshimiwa wa bunge la kaunti mnaopitisha bajeti,

Assalaam aleikum.

KUH: UMASKINI NA AFYA YA WATU WENYE ULEMAVU

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha tumeimaliza. Kikundi chetu cha watu wenye ulemavu hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kimeleta barua maofisini, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Tumeketi vikaoni, tukapewa soda na maji ya chupa, tukaambiwa suala letu "litafanyiwa kazi". Mkubwa mmoja alitunasihi tuwe na subira. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, subira si somo la kumfundisha mtu anayepanda ngazi za gati kwa makalio.

Nina neno moja tu la kusema, ila nitaliweka kwa nambari asije mtu akadai hakuelewa. Katika kaunti hii, mtu mwenye ulemavu hudhoofishwa na gharama ya kuifikia huduma ambayo katika karatasi zenu imeandikwa bure. Dawa ya zahanati mmeinunua. Muuguzi mnamlipa mshahara. Bahari iliyo kati yao na mgonjwa hakuna aliyeitengea fungu, kwa hivyo tunailipia sisi, na hakuna mwenye mfuko mdogo kutushinda.

1. Safari ya kwenda kutibiwa.

Kijana mmoja wa kisiwa cha Pate, jina lake nalihifadhi, aliteleza juu ya mnazi akavunjika uti wa mgongo. Kutoka kiunoni kwenda chini hana habari na mwili wake. Mtu wa hali hii akipona majeraha ya kuanguka, hubaki akiwindwa na mambo mawili: vidonda vya kulalia, na mkojo usiotoka sawasawa ukaharibu figo. Yote mawili yana kinga, tena si kinga ya mashine wala daktari bingwa. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, alalie godoro linalofaa, mpira wa mkojo, ule unaoingizwa mwilini kuutoa mkojo, ubadilishwe kwa wakati na kwa usafi. Lakini zahanati ya kwao mara nyingi haina mpira wa saizi yake, na muuguzi aliyepo ni mmoja, ana foleni ya watoto wa chanjo mpaka nje. Basi mpira ukiziba, ni safari ya Amu.

Nimeiona safari hiyo. Hulazwa juu ya shuka, wanaume wanne wakashika pembe. Maji yakijaa, boti husogea dikoni na wabebaji hulowa mpaka kiunoni, na hiyo ndiyo siku nzuri. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, wanamtembeza matopeni huku mguu unazama na shuka inaburura. Kusi ikivuma na bahari kuchafuka, nahodha hukataa kung'oa nanga, na simlaumu. Wakifika Amu kuna ngazi za gati, zile za chini zina ukoga, na hapo lazima waombe mikono ya makuli. Kutoka gatini ni mkokoteni, kila mtaro na kila kizingiti cha kichochoro ukiupokea kwa mgongo uliovunjika.

Nauli ya safari hii haiwi ya mtu mmoja. Ni yake, ya wabebaji wanne na ya mama yake, na chakula cha wote. Tena wale wanne ni wavuvi. Siku hiyo hawakwenda kuvua, kwa hivyo majumba manne zaidi hayakupata kitoweo. Familia hukopa. Mara ya pili huona haya kukopa tena, huanza kusema: mpira unavuja kidogo tu, tungoje mwezi uishe, kidonda kimeanza kutoa harufu, tungoje pengine mtu wa boti atatuchukua bure. Ndani ya huko kungoja ndimo tunamozika watu, halafu faili ya hospitali inaandikwa "alichelewa kuletwa", kama kwamba nyumbani walikuwa wamelala usingizi.

Mei 2021 tulishuhudia gati ya kwanza ya bandari mpya ikifunguliwa kule Kililana. Tulifurahi pamoja nanyi. Sasa nchi iliyoweza kutengeneza mahali pa kuteremshia makontena kwenye mchanga wetu inashindwaje kuweka gati inayoelea, yenye mteremko, ya kumteremshia mtu?

2. Kadi.

Mguu wangu uliliwa na polio nikiwa mtoto. Ni mwembamba kama mkono, wala hauhitaji darubini kuonekana. Hata hivyo serikali haiutambui mpaka nipimwe na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, fomu itiwe sahihi, ndipo nisajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Sipingi utaratibu, matapeli wapo, na wengine wana miguu mizuri kuliko wachezaji mpira. Ninachopinga ni kwamba utaratibu wote umekaa upande mmoja wa maji na watu wengi wako upande wa pili.

Mama mmoja kutoka kisiwa cha Ndau alimleta mwanawe wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo, mtoto ambaye hajapata kuketi mwenyewe. Alifika siku aliyoambiwa. Daktari anayetia sahihi alikuwa semina Mombasa. Mama alilala kwa jamaa hapa mtaa wa Langoni, kesho yake akaambiwa arudi wiki ijayo. Hakurudi, na simuulizi kwa nini. Mtoto yule hana kadi hadi leo, na bila kadi mlango wa msaada wowote wa serikali huanza na swali "kadi iko wapi?" Hayumo katika hesabu yenu. Kwa mujibu wa kompyuta, mama yule anambeba mtoto mzima.

3. Viziwi katika kliniki.

Katika kliniki za wajawazito jina huitwa kwa sauti. Mwanamke kiziwi huketi tangu asubuhi akikodolea macho mdomo wa muuguzi, na kama jirani yake kwenye benchi hakumgusa bega, zamu yake inapita. Akiingia ndani, mkalimani ni mavyaa wake. Hebu wazeni, Waheshimiwa. Muuguzi anauliza kuhusu kutokwa na damu, kuhusu kipimo cha virusi vya ukimwi, kuhusu kupanga uzazi, na anayejibu ni mama wa mume. Mmoja wa wanawake hao viziwi aliniandikia kwa simu kwamba ameshajifungua mara tatu na hajawahi hata mara moja kujibu swali lake mwenyewe. Alipewa vidonge asijue ni vya nini, akavinywa kwa sababu mavyaa aliitikia kwa kichwa.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara. Haikusema haki hiyo inakoma mlangoni mwa kliniki. Mkalimani mmoja wa kuajiriwa, anayezunguka vituo kwa ratiba na kupatikana kwa simu ya video siku nyingine, ni mshahara mmoja. Kwa kuanzia, kipande cha kadibodi chenye nambari za foleni hakina hata mshahara.

4. Pesa.

Mpango wa Inua Jamii huipa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tunashukuru, zinapokuja. Gawanyeni kwa siku 30, mtapata kama shilingi 66 kwa siku. Kiasi hicho ni kile kile kwa zaidi ya miaka kumi, na unga, mafuta ya kupikia na petroli ya boti haviko pale vilipokuwa. Kwenye 66 hizo toeni sabuni, nepi za mtu mzima, mipira ya mkojo na dawa za kifafa, kisha mniambie chakula kitatoka wapi. Msisahau kwamba nyumba yenye mtu wa kugeuzwa kila saa mbili ina mtu mwingine asiyeweza kwenda kazini, na mara nyingi ni mama, au binti aliyetolewa shule.

Juu ya hayo, tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ilipobadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, zahanati na kituo cha afya hulipiwa na serikali kwa aliyejisajili, ila hospitali inataka mchango. Cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa mwenye mshahara hiyo ni pesa ya chai. Kwa nyumba niliyoieleza ni karibu miezi miwili ya Inua Jamii, na ni sisi tunaohitaji hospitali zaidi kuliko jirani, maana mtaalamu wa viungo na kiwanda cha magongo havipatikani zahanati.

5. Matende na maji.

Pwani yetu inajua matende na mabusha tangu enzi za mababu. Mwaka 2018 watu wa Lamu Mashariki walimeza dawa za aina tatu kwa mpigo ili kukata maambukizi yanayoletwa na mbu, na kazi hiyo ilifanyika vizuri, nasema hivyo bila kuombwa. Lakini dawa huua vijidudu. Mguu uliokwisha kuvimba haurudi. Mwenye matende anachohitaji ni kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, aukaushe katikati ya vidole, auinue akilala, avae kiatu kinachoingia. Asipofanya hivyo, ngozi hupasuka, homa humshika akalala siku kadhaa, na kila homa huzidisha uvimbe.

Sasa nendeni vijiji vya mashariki ya Pate wakati wa kiangazi mkaangalie maji. Visima ni vya chumvi na jabia la maji ya mvua limebaki matope. Mzee mwenye mguu mzito hawezi kwenda kuteka, kwa hivyo hununua mtungi, na mtungi ukinunuliwa utapikiwa kwanza. Mguu utasubiri mvua. Hapa wizara ya maji inatibu kuliko wizara ya afya, na ndiyo sababu barua hii sikuielekeza kwa ofisi moja.

6. Viti vya magurudumu.

Tafadhali msitupe tena vile vyenye magurudumu madogo ya mbele, vya saizi moja, siku ya sherehe mbele ya kamera. Kijiji cha Shela ni mchanga. Vinazama. Vingi sasa vimekuwa vya kuanikia nguo.

7. Hesabu.

Sensa ya mwaka 2019 ilisema Wakenya wenye ulemavu, kuanzia miaka mitano kwenda juu, ni asilimia 2.2. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani ni mtu mmoja kati ya sita, karibu asilimia 16. Sisemi wote ni wa kubebwa. Idadi hiyo ina wazee wenye mtoto wa jicho na watu wasiosikia vizuri, na nchi yetu ina vijana wengi. Hata hivyo pengo ni kubwa mno. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Kwa hesabu ya kwanza sisi ni kama elfu tatu. Kwa ya pili ni zaidi ya elfu ishirini. Kateni nusu hiyo ya pili, bado mnatupangia bajeti ya watu wachache kuliko waliopo. Karani wa sensa akipiga hodi akauliza "kuna mlemavu humu?", wapo wanaojibu hapana kwa kuona haya, na wapo wanaojibu hapana kwa sababu wamekwisha kujua kwamba kusema ndiyo hakuwaletei kitu.

Shirika hilo hilo, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilisema baadhi ya watu wenye ulemavu hufa hadi miaka 20 mapema kuliko wenzao. Lilitaja sababu: umaskini, usafiri, vituo visivyoingilika, wahudumu wasiojua kuzungumza nao. Nilipoisoma nilidhani mwandishi amepita kwetu.

Najua majibu yenu, maana tumekwisha kuyasikia.

Mtasema hii ni kazi ya serikali kuu. Inua Jamii ni ya serikali kuu, na kadi pia, nakubali. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti vituo vya afya, huduma ya kuwabeba wagonjwa na afya ya msingi. Tena limeipa kaunti vivuko na bandari ndogo ndogo, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Zahanati, boti ya wagonjwa na ngazi ile yenye ukoga ziko mezani kwenu. Kutupiga danadana kati ya Amu na Nairobi kulifaa siku ambazo hatujasoma.

Mtasema mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001 na mawe yake hayaguswi. Hili ndilo linaloniudhi kupita yote, kwa sababu nami ni Mwamu na naupenda mji wangu. Hakuna aliyeomba kubomoa daka la mlangoni wala kung'oa mlango wa nakshi. Mlango wa zahanati ni wa saruji, umejengwa juzi, na ngazi zake ni za juzi. Mteremko wa mbao unaowekwa na kuondolewa haujawahi kuharibu urithi wa mtu. Mafundi wetu wanaounda majahazi Matondoni watautengeneza kwa siku moja.

Mtasema pesa hazitoshi. Hazijawahi kutosha. Lakini kidonda cha kulalia kilichokwisha kufika mfupani hulaza mtu wodini kwa miezi, kwa dawa za bei na bandeji za kila siku, na mpira uliokosekana zahanati ulikuwa wa pesa chache. Mwenye kulipa mara mbili hapo ni nyinyi.

Sadaka hatuombi. Sadaka ya Ijumaa tunaipata, Waamu ni watu wa kutoa. Tunaomba kazi ambayo tayari ni yenu, nayo ni hii.

Madaktari wa kupima ulemavu wapande boti. Mara moja kila robo ya mwaka wafike Faza, Kizingitini na Kiunga, na kwa gari wafike Witu na Mpeketoni, tarehe zitangazwe misikitini, makanisani na kwa machifu wiki mbili mbele. Na kama daktari ana semina, iahirishwe semina. Boti ya wagonjwa iwe na machela na fungu lake la mafuta, na gati za Amu na Mokowe ziwe na sehemu inayoelea yenye mteremko. Mipira ya mkojo, godoro za vidonda na dawa za kifafa ziingie katika orodha ya kawaida ya kila zahanati badala ya kuwa za maombi maalumu. Aajiriwe mkalimani wa Lugha ya Ishara. Nyumba zenye ulemavu mkubwa zilipiwe mchango wa bima na kaunti. Kiasi ni 3,600 kwa mwaka kwa nyumba, na mnajua posho ya kikao kimoja ni ngapi.

Tena, kila jambo katika haya liwe na mstari wake katika bajeti, wenye jina na kiasi, ili tuweze kuuliza limekwenda wapi. Mwaka 2025 nchi ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Ile ya zamani tuliisoma miaka ishirini na zaidi kama mtu anavyosoma menyu ya hoteli asiyoweza kuingia. Hatutaki hii nayo iende vivyo hivyo.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka makadirio ya kaunti yawe yamefika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya siku hiyo tunaomba jibu la maandishi, nambari kwa nambari, hata kama kwenye nambari fulani jibu ni "hapana" na sababu yake. Lisomwe pia redioni, kwa ajili ya wasioona, na litafsiriwe kwa ishara.

Na kikao cha ushirikishaji wa umma mtakachokiitisha juu ya bajeti hiyo kifanywe ghorofa ya chini. Cha mwisho tulichoalikwa kilikuwa juu. Maoni yetu tuliyaandika kwenye karatasi, tukampa bawabu ayapandishe.

Wenu mtiifu,

Katibu, kikundi cha watu wenye ulemavu,
Langoni, Lamu